Majina Mengine Uliyowahi Kutumia

Jumanne. Mvua ya Cwm Hesgen inalipiga paa la ukumbi
kama mgeni asiyejua kubisha hodi.
Nimepanga viti tisa, nimechemsha chai,
nimeweka fomu tisa mezani, kila moja na kalamu yake,
sahani za karamu ambayo hakuna aliyeiomba.

Mimi ni katibu wa bendi ya matarumbeta ya watoto.
Silipwi. Hapa halipwi mtu.
Glenys hushona sare, Emrys huendesha basi,
na Bwana Idwal Pugh, huu mwaka wake wa arobaini na moja,
huwafundisha watoto kupuliza pumzi mpaka ing'ae.
Hata mimi alinifundisha. Midomo yangu bado inakumbuka.

"Kwa hiyo sasa tumekuwa washukiwa?"
Glenys aliuliza hata koti hajavua.
Emrys akaisukuma fomu kwa kidole kimoja:
"Sisi tunajuana. Namjua Idwal kuliko ninavyolijua goti langu."
Kijana wa ngoma, yule anayependwa na kila mzazi,
akaikunja yake mara nne, akaitia mfukoni.
"Nitaijaza nyumbani," akasema, na tabasamu lake lilelile.

Tunajuana.
Neno hilo nimeliona likitumika kama kufuli,
nimeliona pia likitumika kama ufunguo wa kughushi.
Zimwi likujualo, wanasema, halikuli likakwisha.
Nami kila nikisikia hivyo huuliza moyoni:
lakini linakula, sivyo?
Huanzia wapi? Kidoleni? Kwenye mwaka mmoja wa utoto?

Sikuyasema hayo. Nilisoma kanuni ya saba:
watu wazima wawili chumbani, mlango wazi,
mtoto asipakiwe peke yake garini,
mashahidi wawili wa tabia yako, wasiwe ndugu,
na polisi watazame kumbukumbu zao.
Sauti yangu ilikuwa kavu kama biskuti za Glenys.

Bwana Idwal hakusema neno.
Alivua miwani, akaipangusa kwa ncha ya tai.
Akaandika jina. Tarehe. Anwani (ni moja tu, nyumba ileile).
Kisha kalamu ikasimama kwenye swali la nne:
Majina mengine uliyowahi kutumia.

Nilisikia birika likipoa.
Niliogopa, nakiri, tena mara mbili:
kwamba kuna kitu,
na kwamba mimi ndiye niliyekiuliza.

Akaandika: Desmond Tully.

"Ndilo nililokuwa nalo kabla akina Pugh hawajanichukua.
Makao ya watoto, kaskazini, karibu na bahari.
Kulikuwa na bwana aliyejitolea kila Jumamosi.
Alileta peremende. Alikuwa na gari.
Kila mtu alimjua."
Akafunika kalamu. Ikalia, tik.
"Kumjua walimjua. Kumuuliza, hakuna."

Hakuendelea, nasi hatukumwomba aendelee.
Glenys akavua koti.
Emrys akaomba miwani ya kuazima,
akalalamika kwamba maandishi ni madogo mno,
akajaza.

Baada ya wiki sita zilirudi fomu nane.
Nimezifungia kabatini, ufunguo uko shingoni mwangu.
Ya tisa haijarudi, wala kijana wa ngoma.
Labda amepata kazi Swansea. Labda ni uvivu tu.
Wazazi wananinunia: tumempoteza mpigaji mzuri.
Sina la kuwajibu. Jambo lisilotokea
halina tarehe, halina shahidi,
halina mahali pa kutia sahihi.

Leo Jumanne tena. Nimesukuma kabari ya mbao chini ya mlango
ubaki wazi, na upepo wa bondeni unaingia,
unapeperusha kurasa za muziki.
Mtoto wa tarumbeta ya tatu anatetemeka, anauliza kwa nini tusifunge.
"Vaa sweta," anasema Bwana Idwal. "Kuanzia mwanzo. Moja, mbili."