Ulimi wa Tela

Tela nilipolileta kwa Kilua, Ngamiani,
jiko la gesi na kata, vitanda vinne ndani,
"Injini haina tata, Lushoto tupo jioni."
Akauliza: "Kuvuta? Na kubeba je, jirani?

"Ulimi ukiuweka penye kulabu ya nyuma,
kilo mia zitashuka, springi zote zahema;
pua ikishainuka, usukani utagoma.
Pale Soni ukifika, kona haina huruma."

Akatwaa chaki, kando ya mlango kaandika:
tangi la maji, na nyundo, na mkaa wa kupika,
shemeji mwenye vishindo, kilo tisini hakika.
"Ulimi juu yake, ndo basi, gari limechoka."

Mlango una kibao chenye namba ndogo ndogo;
tangu ninunue, leo ndo nakifuta kidogo.
Kuvuta, linacho cheo; kubeba, nusu mzigo.
Shingo ya fahali, nao mgongo, ndama mdogo.

Mwanjaa kavuta koki, tangi likamwaga tele:
"Lushoto kweli hufiki ukakosa maji kule.
Na mkaa hatutaki, Mombo upo vilevile.
Kaka yangu, sikudhiki: kapande basi la mbele."

Mizani nane kwa nane, ubeti haukuzidi;
Soni, kona zipishane, breki zatii ahadi.
Basi likapita, mwone Sengasu, mkono hadi
kwapani nje, atunene: "Konokono, mmezidi!"