Karatasi za Rasoa

Kijana wa makavazi amekuja na glavu nyeupe,
kavua viatu mlangoni bila kuambiwa.
Kaloleni, nyumba ileile, namba ileile,
ni rangi tu iliyobabuka.
Anatafuta, anasema, karatasi za kiongozi.
Kaka hakuacha karatasi, namjibu.
Zake walizizoa usiku, kwa gunia,
pamoja na redio na kamusi.
Leo ana barabara yenye jina lake
ambayo sisi hatuna safari ya kuipitia.
Zilizobaki ni za mama.

Namsukumia sanduku la bati.
Kutu inamchafua glavu.

Kadi ya kodi: mihuri ya kanjo imepangana kama meno,
mwezi kwa mwezi, mwaka kwa mwaka,
kisha themanini na sita, pengo la miezi saba.
Kadi ya kliniki: Eliakimu, mvulana, ratili sita na robo.
Stakabadhi za cherehani, kumi na moja kati ya kumi na mbili.
Ya kumi na mbili haimo.
Cherehani nayo haimo nyumbani:
ilikwenda kwa wakili, ikiwa na uzi bado kwenye sindano.

Hotuba je? anauliza.
Ipo. Ile ile waliyoikariri vijana,
kurasa mbili za taipu, mkunjo umekatika katikati.
Geuza.
Nyuma mama amechora vijiti vya deni,
mafuta ya taa vitatu, unga vitano,
na duara, ambalo ni sabuni.
Hakujua kuandika,
na karatasi ni karatasi.

Tazama dole gumba lake.
Limelala kila mahali kwa wino wa zambarau:
kitabu cha posta, fomu ya hospitali,
fomu ya kumwona mfungwa. Uhusiano: mama.
Sahihi: dole.
Barua za kaka nilizisoma mimi,
na nilizisoma nikiruka.
Aliandika, *mguu hauumi tena, hauna hisia yoyote*.
Nikasoma, *mguu hauumi tena*.
Mama akaitazama karatasi, akanitazama mimi.
Mistari yote hiyo, akasema,
na maneno ni haya tu?

Jumatatu akaenda gumbaru,
miaka hamsini na minane, penseli nyuma ya sikio kama fundi.

Daftari hili hapa.
Ukurasa wa kwanza, herufi *a* zimejaa
kama mayai yaliyodondoka.
Wa tisa: *Rasoa. Rasoa. Rosoa. Rasoa.*
Wa ishirini, wala mwalimu hakuagiza:
*Eliakimu mguu wako uko je.*

Chini kabisa pana risiti ya karo, kidato cha tatu,
muhula wa kwanza. Jina ni langu.
Ya muhula wa pili usiitafute.
Tarehe ni ya wiki ileile ya cherehani.
Nilijua, siku zote nilijua,
lakini kujua hakuna muhuri.
Kijana ameinua kamera; nimeifunika risiti kwa kiganja.
Hii haihusu.
Anangoja. Lori linapita nje, vikombe vinagongana.
Nakiondoa kiganja.
Haya, piga. Na Fanisi ni kwa *s* moja.

Kwenye lebo ameanza kuandika, *Mama wa*
namshika mkono.
Alizipata uzeeni herufi zake tano.
Anza na hizo.

Bahasha ya mwisho bado imegundishwa.
Mwandiko ni wake, umepanda mlima kuelekea stempu,
na juu yake mtu wa gereza amepiga muhuri:
*Amehamishwa. Irudishwe.*
Kijana anauliza kama tuifungue.
Iliporudi, mama hakuifungua.
Aliifuta vumbi kwa kanga, akaitia humu,
akaenda kuinjika maji.

Chai yako inapoa, namwambia.
Vua glavu kwanza.