Spana Namba Kumi

Buruburu, Jumapili. Kapi la kukodi kutoka Grogan,
mia tano kwa saa.
Boneti tumeiegemeza ukutani, chini ya kamba ya nguo.
Mutinda anavuta mnyororo, mimi naongoza kwa kiganja:
polepole, inagusa, rudisha.
Boliti moja ya giaboksi imekataa katakata.
Baba ndiye aliyeikaza, na baba hakujua kukaza nusu.

Mafuta ya taa. Nyundo. Tusi. Ikaachia.

Injini ikapanda, ikadondosha oili kwenye sufuria ya mama,
na Datsun ya mbio ikainua pua
kama punda aliyetuliwa mzigo.

Na pale chini, imelala ndani ya grisi,
spana namba kumi,
ile niliyochapiwa nikiapa sijaiona.

Nikaipangusa, nikaitia mfukoni.
"Umepata nini?"
Vuta, nikamwambia. Saa ya watu inakwenda.