Wadi ya Nne

Nesi wa kutoka Tanga aliniambia kwa simu:
"Baba yako yupo wadi ya nne."
Nikacheka, kisha nikaona haya.
Kwetu Al-Khoudh wadi ni mto mkavu,
miaka miwili haupo, siku moja unashuka na magari.
Baba naye alipozinduka, la kwanza lilikuwa hilo:
"Wadi? Lori mmeliweka wapi?"

Hamdun bin Muhenna, muuza maji matamu,
miaka thelathini na moja, lori la buluu,
kabla njia hazijapewa nambari.
Ramani hakuwa nayo. Alikuwa na mkunazi uliokatwa upande,
mbuzi wa Bi Thuweiba juu ya boneti,
msikiti wenye taa moja ya kijani isiyowaka,
harufu ya mkate wa Mwajemi, halafu kushoto.

Daktari akanionyesha picha ya kichwa chake.
Doa, halizidi kokwa ya tende.
Akasema humo mna seli huwaka mahali pamoja tu,
mlangoni kwako, mathalan, si mlangoni kwa jirani;
nyingine huitandika ardhi vipande vya pembe sita,
kama sega, ujue umekwenda kiasi gani hata ukifumba macho.
Nikauliza: na asali?
Hakunielewa. Sikurudia.

Nyumbani, kitandani hadi chooni ni hatua tisa.
Ya nne anasimama,
mkono ukutani, kama mtu aliyeshushwa na basi usiku.
"Raya, hapa wapi?"
Nimebandika mishale. Nimebandika karatasi. Wapi!
Usiku mmoja, nimechoka, nikasema tu:
"Bi Thuweiba kaishiwa maji."
Akanyoosha mgongo.
Penye kabati akakata kulia, "mkunazi huu,"
penye zulia akapunguza mwendo,
akafika. Akapiga honi kwa mdomo.

Ijumaa nikamtoa kwa gari.
Simu yangu ikasema: nenda moja kwa moja.
Baba akasema: "Usipite. Wadi."
Palikuwa na lami, taa, duka la mapazia,
jua kali, mbingu haina hata uzi wa wingu.
Nikageuza.
Tukazunguka dakika arobaini nyuma ya magodauni,
simu ikilalamika njia nzima,
na yeye akihesabu nyumba ambazo hazipo,
moja moja, kila moja na kiasi cha maji yake.