Sita Ndiyo Mlango

Ijumaa, saa nane mchana, Alkhodhi.
Nje hakuna hata paka.
Kiyoyozi kinakohoa, wakubwa wamelala
na pilau ingali nzito tumboni,
na mimi ninayengojwa na zamu ya usiku hospitali
nimeachiwa watoto wa dada:
"Wacheze tu, wasipige kelele."

Ubao tumeukata kwenye katoni la maji.
Hamyar, miaka saba, kapiga mistari kwa rula ya shule,
nyumba nne, rangi nne,
na ya kijani imepinda kwa sababu Muzna
alikuwa akipumua juu ya mkono wake.
Kete ni vifuniko vya chupa na kokwa za tende.
Dadu la dukani lilipotelea chini ya friji tangu Ramadhani,
basi tumetwaa kitofali cha sukari,
tukakitia nukta kwa kijiti na machicha ya kahawa.

Muzna ana miaka minne.
Anatikisa ngumi, anaipuliza, anarusha.
Kusoma bado, lakini nukta anazijua kwa sura,
kama mtu ajuavyo majirani:
"Huyu tano. Ana kitovu."

Moja, mbili, tatu, nne, tano,
kwa ulimi wa bibi yake aliyezaliwa Wete;
sita,
na hapo anasita.
"Sita ni ya nyumbani au ya chekechea?"
Maana mwalimu naye husema hivyohivyo,
ila huikaza kidogo katikati.
Namwambia ni mlango mmoja:
upande huu sebule, upande ule barabara.
Na kwenye ludo, bila sita hutoki.

Akatoka. Akarusha tatu.
Akagusa palepale aliposimama: "Moja..."
"Siyo!" akasema Hamyar, hakimu asiye na mshahara.
"Ulipo hapahesabiwi. Hesabu inaanza ukihama."
Muzna akamtazama kama mtu anayeombwa avue viatu njiani.
Zamu iliyofuata: kidole palepale. "Moja."
Na iliyofuata.
Sikumsahihisha. Nilisogeza tu kokwa yangu,
tok, tok, kila kijumba na sauti yake,
hata zamu ya saba, nadhani, kidole chake kikaning'inia
juu ya alipokuwa,
kikavuka,
kikatua mbele.
"Moja."
Hakuna aliyepiga makofi. Kiyoyozi kikakohoa.

Bibi, tuliyedhani yuko usingizini kwenye kochi,
akasema bila kufumbua macho:
"Mimi nilipotoka, nilipahesabu."
Akageukia ukutani.

Kisha Hamyar akapata mbili, akamla.
"Rudi nyumbani!"
Mdomo wa Muzna ukaanza kutetemeka.
Nikatoa methali, kama tulivyotolewa sisi:
asiyekubali kushindwa si mshindani.
"Basi mimi si mshindani," akasema. "Mimi Muzna."
Halafu, machozi yakiwa yamefika kizingitini:
"Kwani nyumbani kubaya?"
Hamyar akafikiri. Katika sheria zake hilo halikuwemo.
"Si kubaya. Ila utangoja sita."

Akangoja.
Mikono ameikalia, yote miwili,
isije ikarusha dadu la mwenzake.
Hilo hakufundishwa na mtu.
Niliiona mikono ikifurukuta chini ya mapaja
kama vifaranga,
na yeye juu yake, kimya, akitazama zamu za wengine
zikipita moja moja.

Alasiri ikaadhiniwa. Dadu lilikuwa limekwisha pembe
kwa jasho la viganja,
nukta zimetambaa, zimeshikana.
Muzna akarusha. Likabingiria, likatulia.
"Nne," akasema Hamyar.
"Sita," akasema Muzna.
Wakanigeukia. Nikainama, nikatazama sana.
Wallahi sikujua.

Akaliokota. Akalisogeza jichoni,
akalizungusha taratibu, kama sonara,
kisha akalitia mdomoni.

"Sita," akasema,
na shavu limevimba, na pumzi inanukia kahawa,
akaitoa kete yake nyumbani.