Kwaruza Kwanza

Hapa Manabí, mtaa wetu ulikuwa na nyumba arobaini na moja.
Juu yetu kilima, nyasi tupu na ng'ombe wa Macías.
Hakuna aliyeuliza miti ilikwenda wapi.
Tulijua: iliingia tanuri la mkaa, ikawa nguzo za uzio,
ikawa kitanda nilichozaliwa.

Mwaka wa mvua za Elnino kilima kilishuka kudai chake.
Hakikupiga hodi.
Kilichukua jiko la Auxiliadora na sufuria motoni,
kikachukua kanisa hadi shingo ya kengele,
kikamchukua Telmo, kaka yangu,
na redio yake iliyokuwa bado inasoma matokeo ya mpira.
Miezi minane baadaye ardhi ikatetemeka,
na kilichokuwa kimebaki wima kikapiga magoti.

Sikuanza kupanda kwa kupenda miti. Nasema wazi.
Nilichoka kupanga foleni ya unga,
na Dioselina, mwalimu asiye na shule,
alikuwa akipita juu ya kifusi akiokota mbegu,
anazitia mfukoni mwa aproni kama chenji ya dukani.
"Kilima bila mizizi," alisema, "ni mzigo bila kamba."

Holger alitaka mikaratusi.
Miaka saba tu, unauza nguzo, unajenga upya.
Tulibishana hadi taa ikakauka mafuta.
Dioselina akaburuta gogo la guayakani
lililolala mtoni tangu ujana wa bibi yake,
akampa Holger panga. Kata.
Panga likarudi na pengo.
Ndivyo tulivyopiga kura.

Daftari nililishika mimi:
guayakani mia tatu,
seibo tisini,
algarobo mia mbili, mbuzi wakala sitini,
palosanto ishirini, kwa kuwa haipendi kuamrishwa,
muyuyo sikuihesabu, inajiotea popote
kama watoto wa Yandri.
Kila mche na chupa yake ya plastiki,
imetobolewa sindano chini, tone, tone,
na watoto wakipanda na maji kichwani
wakifika na nusu, nusu nyingine ipo shingoni mwao.

Kisha Juni. Kisha Julai bila wingu.
Majani yakapukutika yote.
Agosti akaja afisa kutoka Portoviejo, viatu vyeupe,
akatazama vijiti vyetu mia sita
akaandika neno moja: vimekufa.
Akatupa kalamu tutie sahihi.

Dioselina hakushika kalamu. Alishika kidole cha afisa,
akakibana kwenye mche kama anamfundisha mtoto herufi.
"Kwaruza kwanza."
Chini ya ganda la kijivu, kijani,
chembamba kama uzi wa kushonea kifungo.
"Msitu wa huku hufunga," alisema,
"na hauli mpaka mvua imruhusu kila mtu."
Yule afisa alikwaruza mitatu, minne, akawa hawezi kuacha,
kucha zake zimejaa utomvu.

Siku hiyo sikumpeleka pale redio ilipokuwa.
Pale nilipanda guayakani peke yangu, usiku,
kwa sababu Telmo hatukumpata
na mtu lazima aweke kitu mahali.
Nilikwaruza: kahawia.
Nikashuka kidogo: kahawia.
Nikashuka hadi udongoni.
Kwenye daftari mstari ule niliuacha mtupu,
jumla haikutimia, na hakuna aliyeniuliza.

Mvua ilikuja Januari, ya kawaida, ya adabu.
Kilima kilikunywa na kubaki mahali pake.
Holger alikesha mlangoni na tochi, akimulika mteremko,
hadi asubuhi, akasema tu: "Bado upo."

Pale kwa Telmo nilipanda mwingine.
Ukala mchwa.
Wa tatu sasa unanifika gotini.
Leo alfajiri umeangusha jani lake la mwisho,
nami nimechuchumaa mbele yake,
chupa imejaa, ukucha uko tayari.

Sijakwaruza.