Magoti Hayana Chenji

Miaka kumi na tisa nimekaa.
Kiti cha plastiki, mwavuli wa njano, kisanduku cha kioo,
faranga zimefungwa mpira kama mafungu ya sombe,
dola naziinua juani nizikague sura.
Pale Nyawera wananijua kwa vidole.
Mwili uliobaki hawajawahi kuuona ukitembea.

Muuguzi wa Muhungu alinifunga kitambaa mkononi,
akakijaza upepo, akasikiliza, akanyamaza.
Halafu: "Mama Nankafu, damu yako inapanda mlima
na wewe umekaa."
Dakika thelathini, akasema, kila siku, kwa miguu.
Nikamuuliza, nitembee wapi?
"Bukavu hii, mama, unaniuliza wapi?"

Basi Jumatatu nikamwacha Zihalirwa
na pikipiki yake ikinguruma bure,
nikashika ngazi za Nyamugo.

Nilihesabu; sijui kufanya kitu bila kuhesabu.
Ya arobaini imevunjika.
Ya sitini na nane, maji ya sabuni ya mtu.
Ya tisini nikaketi,
mtoto wa shule akaniruka kama jiwe.
Nyuma yangu ziwa limejitandaza tu,
halihemi.

Jumanne, mia moja na mbili.
Jumatano mvua, nikapanda pikipiki, naungama.

Alhamisi akanipita Nsimire,
unga kilo hamsini mgongoni, kamba inamkata paji la uso,
vidole vya miguu vinashika udongo kama vya kuku.
Safari ya tatu leo, alisema bila kuinua kichwa.
"Na wewe na sakoshi yako, unakwenda wapi?"
Nikasema: spoti. Hospitali wameniandikia.
Akasimama. Chini ya gunia lile, akasimama,
akacheka mpaka gunia likacheka naye.
"Mimi wangeniandikia kiti."

Nina noti za kila rangi.
Kwa neno hilo sikuwa na chenji.

Gunia sikulibeba, nisijisifu, lingenizika.
Nilitwaa bidoni ya mafuta mkononi mwake, lita tano,
tukapanda, yeye akipumua kwa pua, mimi kwa mdomo.
Mia mbili na kumi na nne.
Juu kabisa alitaka kunishukuru,
nikamkataza kwa mkono; sauti sikuwa nayo.

Wiki iliyopita muuguzi alipima tena.
"Imeshuka," akasema, akafurahi kama ni yake.
Ya Nsimire hatuijui. Hajawahi kufungwa kitambaa,
ni kamba tu.

Siku hizi, kabla ya mzigo wake wa mwisho,
anapita Nyawera. Namwachia kiti.
Anaketi, ananyosha miguu katikati ya njia,
mimi nasimama kando, mguu huu, mguu ule,
na wateja wanatuangalia, dola mkononi,
hawajui wampe nani.